Bwawa la Shambani: Furaha ya Watoto na Wajibu wa Mwenye Mali

Katika sehemu nyingi za Kenya, kutoka Kinangop hata Uasin Gishu, na kutoka Machakos hata Laikipia, msafiri huona mabwawa madogo yaking'aa katikati ya mashamba. Mengine yalijengwa na walowezi kwa kunyweshea ng'ombe na kumwagilia kahawa. Mengine yalijengwa na wananchi kwa jembe na karai, au kwa msaada wa idara iliyoitwa ALDEV, ambayo kuanzia mwaka 1946 ilishughulikia maendeleo ya ardhi za Waafrika. Mengine ni ya juzi tu, yamechimbwa kwa tingatinga na wakulima waliochoka kungoja mvua isiyokuja kwa wakati wake.

Bwawa ni mali njema. Hunywesha mifugo wakati wa kiangazi, huotesha sukuma wiki na nyanya jirani zetu wanapolia njaa, na hufuga ngege na kambare kwa kitoweo na kwa biashara. Lakini bwawa lina kazi nyingine ambayo mwenyewe mara nyingi hakuikusudia. Siku ya Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa, vijana huja kuogelea. Watoto huja na ndoana za pini kujaribu bahati yao. Wanafunzi walio likizoni huja kupiga picha, na jamaa nzima huja na sufuria zao kufanya mandari kivulini. Apende asipende mwenye shamba, maji huwaita watu.

Basi mwenye bwawa afanye nini? Wako wanaosema na awafukuze wote, aweke ua na mbwa, na habari iishe. Wako wengine wasiosema neno, wakaacha kila mtu aingie apendavyo, hata siku mwili wa mtoto unapopatikana ndipo watu hukusanyika na kusema, "Ajali haina kinga." Makala haya yanataka kuonyesha kwamba njia zote mbili zina kasoro, na kwamba iko njia ya tatu iliyo bora: kuwakaribisha watu kwa utaratibu. Bwawa linalotunzwa kwa ajili ya wageni ni bwawa linalotazamwa kila siku, na bwawa linalotazamwa ni vigumu kulipasua au kumzamisha mtu bila kwanza kutoa dalili.

MALI YA MMOJA, HATARI YA WENGI

Kabla ya kusema juu ya michezo, hapana budi tuseme juu ya uzito wa jambo lenyewe. Maji ya ujazo wa mita moja ya mraba kwa kina cha mita moja yana uzito wa kilo 1,000, yaani tani moja kamili. Chukua bwawa dogo sana, la eka moja tu, lenye kina cha wastani cha mita 2. Eka moja ni kama mita za mraba 4,000. Zidisha kwa 2, nawe utapata tani 8,000 za maji zilizokaa juu ya mlima zikizuiwa na udongo ulioshindiliwa. Mwenye bwawa hana shida siku zote maji hayo yanapotulia. Shida ni ya yule anayelala chini ya mteremko.

Wakenya hawahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Jioni ya tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa za masika, bwawa la udongo lililokuwa katika shamba la watu binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka. Maji yaliteremka kwa kishindo na kuvikumba vijiji vya Nyakinyua na Energy, yakachukua nyumba, mifugo, na roho za watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mamia ya jamaa waliachwa bila makao. Baraza la Seneti liliunda kamati ya kuchunguza msiba huo, na kesi ilifikishwa mahakamani. Wengi wa waliokufa hawakuwa wameomba hata debe moja la maji ya bwawa lile.

Jambo hili la maji ya mtu mmoja kumdhuru mwingine limepimwa na waamuzi zamani sana. Katika Uingereza, mwaka 1860, mwenye kiwanda aitwaye John Rylands alijengewa bwawa ili apate maji ya kiwanda chake. Chini ya ardhi palikuwa na mashimo ya zamani ya makaa ya mawe, na wajenzi hawakuyaziba. Bwawa lilipojazwa, maji yalipita katika mashimo yale na kufurika katika machimbo ya jirani yake, Thomas Fletcher. Rylands mwenyewe hakuwa na habari ya mashimo hayo. Hata hivyo, mwaka 1868, mahakama ya juu kabisa ya nchi ile iliamua kwamba mtu akikusanya katika ardhi yake kitu chenye kudhuru kikitoroka, akitumia ardhi hiyo kwa njia isiyo ya kawaida yake, ni juu yake kukizuia kisitoroke. Kikitoroka, atalipa hasara iletwayo nacho. Kanuni hiyo iliingia katika sheria za nchi nyingi zilizofuata desturi za mahakama za Kiingereza, na Kenya ni mojawapo.

Kwa hiyo yule asemaye, "Bwawa ni langu, nitalifanya nipendavyo," amesema nusu tu ya neno. Maji ni yake maadamu yamo ndani.

MCHEZO ULIOHARIBU BWAWA

Pengine msomaji atauliza, "Mambo ya kupasuka yanahusiana nini na watoto wanaoogelea?" Yanahusiana sana, na historia ya Marekani inatupa mfano ambao kila mwenye bwawa anayetaka kuvutia wageni yafaa aujue.

Katika jimbo la Pennsylvania palikuwa na bwawa kubwa la udongo liitwalo South Fork, lenye kimo cha mita kama 22. Mwaka 1879 lilinunuliwa ili liwe mahali pa starehe, na kikaundwa chama cha matajiri wapendao kuvua na kuwinda, ambacho miongoni mwa wanachama wake walikuwamo Andrew Carnegie na Henry Clay Frick. Wenye bwawa walifanya mambo matatu. Kwanza, mabomba ya kupunguzia maji, yaliyokuwa yameondolewa zamani, hawakuyarudisha. Hivyo hapakuwa na njia ya kuteremsha maji kwa hiari. Pili, walipunguza kimo cha tuta ili njia iliyopita juu yake iwe pana ya kutosha magari ya farasi kupishana. Tatu, waliweka vyuma vya kuzuia samaki katika njia ya maji yaliyozidi, kwa sababu samaki walikuwa wamenunuliwa kwa fedha na hawakutaka wapotee.

Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha. Takataka na matawi ya miti yakanasa katika vyuma vya samaki, maji yakakosa njia, yakapanda juu ya tuta lililopunguzwa, na bwawa likabomoka. Mji wa Johnstown, ulio umbali wa kilomita kama 22 chini yake, uliangamizwa alasiri hiyo hiyo. Watu waliokufa walizidi 2,200.

Tazama vizuri: si kuvua samaki kulikowaua watu, wala si kutembea kwa magari. Kosa lilikuwa kuligeuza bwawa lifae starehe na kusahau kwamba lina kazi ya kuzuia maji. Na kosa hilo hilo, kwa kipimo kidogo, lafanyika hapa kwetu. Mtu huweka wavu wa samaki katika mfereji wa maji ya ziada, akasahau kuusafisha. Mwingine huacha pikipiki zipite juu ya tuta mpaka likaingia mfuo. Watoto huteleza juu ya mteremko wa nyasi kila siku mpaka udongo ukabaki uchi. Mwingine hupanda miti ya kivuli juu ya tuta lenyewe ili wageni wapate mahali pa kukaa. Yote hayo hufanywa kwa nia njema, na yote huliondolea bwawa nguvu.

TUTA NA NJIA YA MAJI YALIYOZIDI

Basi sheria ya kwanza ya mwenye kukaribisha wageni ni hii: tuta si uwanja wa mchezo. Panga mahali pa kukaa, pa kupikia na pa kuegesha baiskeli upande wa pili, penye ardhi ya asili. Juu ya tuta na iote nyasi fupi inayotambaa, kama ile nyasi ya Kikuyu, kwa maana mizizi yake hushika udongo. Mti usiruhusiwe hata mmoja. Mizizi ya mti hupenya ndani ya tuta, na mti ukifa mizizi huoza na kuacha mianya ambayo maji hupitia. Tena upepo ukiuangusha, huondoka na bonge zima la udongo.

Mwenye bwawa, au mtu aliyepewa kazi hiyo, na atembee juu ya tuta na chini yake walau mara moja kwa juma, na kila siku wakati wa mvua. Aangalie mambo haya:

Nyufa, na mahali palipobonyea. Mahali palipo chini kuliko pengine ndipo maji yatakapopita kwanza yakijaa, na maji yakianza kupita juu ya tuta la udongo hulila upesi mno.

Mashimo ya fuko na ya panya, na vichuguu vya mchwa. Yachimbuliwe na kushindiliwa udongo mzuri.

Maji yanayovuja upande wa chini. Unyevu kidogo wa maji meupe, usioongezeka, ni wa kuangaliwa na kupimwa. Lakini maji yakitoka na rangi ya udongo, au yakiongezeka, jua kwamba tuta linaliwa kutoka ndani. Hapo si saa ya kungoja kesho. Teremsha maji kwa bomba, waonye watu wakaao chini, na upeleke habari kwa wakuu wa serikali na kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Mfereji wa maji yaliyozidi. Huu ndio uhai wa bwawa. Hupitisha maji ya mvua kubwa pembeni ya tuta kabla hayajafika juu. Usizibwe kwa wavu usiotunzwa, wala kwa magunia ya mchanga ili maji yaongezeke, wala usipandwe viazi. Kati ya kimo cha maji yanapopita katika mfereji na kimo cha juu cha tuta pawe na nafasi ya kutosha, ambayo kwa mabwawa madogo mara nyingi ni kama mita 1.

Kadhalika, yafaa kila mtu akumbuke kwamba ujenzi wa bwawa, hata katika shamba lake mwenyewe, wahitaji idhini ya Mamlaka hiyo chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Wako wanaoiona karatasi hiyo kuwa usumbufu wa makarani. Lakini maana ya idhini ni kwamba mtu mwenye elimu ya kazi hiyo amepima mvua, mteremko na udongo kabla ya watu wa chini kulala usingizi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa habari ya bwawa, asiyeziba ufa huenda asipate hata nafasi ya kujenga.

KWA NINI WATU HUZAMA

Sasa tugeukie maji yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi ya vifo vya namna hii hutokea katika nchi zisizo tajiri. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo wasiotimiza miaka mitano. Mwaka huo huo wa 2021 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbusha watu wa dunia nzima juu ya kuzuia vifo vya maji.

Watu wengi hudhani kwamba bwawa dogo halina hatari kama ziwa. Sivyo. Bwawa la shambani lina hila zake. Udongo uliojenga tuta mara nyingi ulichimbwa hapo hapo ndani, kwa hiyo mtoto anayetembea katika maji ya magotini hufika ukingo wa shimo asilolitazamia, na hatua inayofuata ni kina cha mita tatu. Maji yana rangi ya udongo, hivyo aliyezama haonekani, na wanaomtafuta hupapasa tu. Chini pana tope linaloshika miguu, na pembeni pana magugu yanayozonga. Kingo za udongo mfinyanzi zikilowa huteleza kama sabuni. Maji usiyoyafika, wazee walisema, hujui wingi wake.

Vibaya zaidi ni yale mabwawa madogo yaliyotandikwa karatasi nzito ya plastiki ili maji yasinywewe na ardhi. Mkulima mwenye nusu eka aweza kuwa nalo nyuma ya nyumba. Kingo zake ni za mteremko mkali na plastiki ikilowa haishikiki. Hata mtu mzima mwenye nguvu akitumbukia aweza kuhangaika humo mpaka akachoka, huku nchi kavu iko umbali wa mkono.

Dawa zake si ghali. Bwawa la plastiki lizungushiwe ua madhubuti wenye mlango unaofungwa, na kamba nene zenye mafundo ziteremshwe kila upande mpaka ndani ya maji, zikiwa zimefungwa kwenye nguzo imara juu. Wengine hufunga matairi makuukuu mfano wa ngazi, na hiyo nayo yafaa. Kwa bwawa kubwa zaidi, ua wa michongoma upande ule wenye kina na upande wa nyumba za watu watosha kuwazuia watoto wadogo, ukiacha njia moja tu ya kuingilia. Ng'ombe wanywe katika birika chini ya bwawa, ili mtoto mchungaji asilazimike kushuka ukingoni na kundi lake. Na akina mama wachotao maji wapewe bomba au jukwaa la mbao, wasiiname juu ya utelezi.

UTARATIBU WA MICHEZO

Mwenye kuwaruhusu watu wacheze na achague kwanza mahali pamoja pa kuogelea, penye chini ya mchanga au changarawe na mteremko wa polepole. Apapime kwa mti mrefu wakati wa kiangazi maji yanapopungua, kisha asimamishe nguzo zilizopakwa rangi zikionyesha mpaka wa maji ya kifuani. Apime tena baada ya kila mvua kubwa, kwa sababu tope huhama. Nje ya mpaka huo asiende mtu asiyejua kuogelea.

Kisha amri ziandikwe katika ubao, kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, ziwe chache ili zisomwe: Asiogelee mtu peke yake. Mtoto asiingie bila mtu mzima anayemtazama kwa macho yake. Asiruke mtu kwa kichwa, maana maji ya udongo huficha mawe na visiki, na shingo ikivunjika haiungwi. Aliyekunywa pombe asikaribie maji. Mvua kubwa ikinyesha, au radi ikilia, wote watoke. Msimu wa mafuriko bwawa lifungwe kabisa.

Mashua na mitumbwi isizidishe watu, na kila aliyemo avae jaketi la kuokolea maisha, ajue kuogelea asijue. Wavuvi wapewe upande wao, mbali na waogeleaji, ili ndoana isimnase mtu. Mahali palipo na viboko au mamba, hakuna utaratibu unaotosha: maji hayo ni ya kutazamwa kwa mbali.

Wako watakaosema kwamba kumkaribisha mgeni ni kujitwika lawama, na kwamba ni heri kunyamaza. Tuangalie sheria yenyewe. Sheria ya Kenya inayohusu wajibu wa mwenye mahali kwa wageni wake, Sura ya 34, humtaka aangalie kwa kiasi kinachofaa kwamba mgeni atakuwa salama katika jambo lile aliloruhusiwa kuja kulifanya, tena humkumbusha kwamba watoto hawana hadhari ya watu wazima. Kibao cha onyo peke yake hakimwokoi, isipokuwa onyo hilo lamtosha mgeni kujilinda. Sasa mtu anayejua kwamba watoto huja kila Jumapili, akanyamaza, je, amejiepusha na lawama? Afadhali yule aliyepima kina, akasimamisha nguzo, akaweka mtazamaji. Huyo ana la kujibu mbele ya hakimu, na zaidi mbele ya mama wa mtoto.

Na yule anayeziba kila njia kwa ua na mbwa, kama hakuna mahali pengine pa kuchezea katika kata nzima, ajue kwamba vijana wataingia usiku au saa za adhuhuri wakati mlinzi amelala, nao wataogelea kwa haraka na kwa siri, na mmoja akizama wenzake watakimbia wasiseme. Mambo hayo yamewahi kuwaliza wazazi wengi.

MAGONJWA YA MAJI

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Katika sehemu za joto, hasa Pwani, Mwea, Machakos na kandokando ya Ziwa Victoria, maji yaliyotulia yaweza kuwa na kichocho. Mdudu wake aligunduliwa mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alipokuwa akifanya kazi Cairo. Mtu mgonjwa akikojoa au akienda haja katika maji, mayai hupasuka na vijidudu huingia katika konokono wadogo wakaao kwenye magugu. Baadaye hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga. Mbele yake ni kukojoa damu, au kuharisha damu, na kudhoofika kwa muda mrefu. Dawa iko, nayo ni prazikwanteli, lakini anayetibiwa na kurudi katika maji yale yale hupata ugonjwa tena.

Kwa hiyo choo ni sehemu ya mchezo. Mwenye bwawa na achimbe choo mbali na maji na upande ambao mvua haitateremshia uchafu bwawani, na magugu yafyekwe mahali pa kuogelea. Kingo zikiwa safi, na samaki wakiwamo, viluwiluwi vya mbu hupungua pia, maana samaki huwala. Pampu ya kunyunyizia dawa ya mimea isisafishwe bwawani kamwe.

MTU AKIZAMA

Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa huenda juu na chini, mdomo uko usawa wa maji, mikono hupiga maji pembeni, naye hana pumzi ya kuita. Watu waliokaa ukingoni huweza kudhani kwamba anacheza.

Mwokoaji asijitupe majini bila mafunzo, kwa sababu anayezama humkumbatia amjiaye na wote wawili wakaenda chini. Jamaa wengi wamezika watoto wawili kwa siku moja kwa sababu hiyo. Anyoshe mti mrefu huku amelala kifudifudi ukingoni, au atupe kitu kinachoelea. Kila bwawa liwe na mtungi mtupu wa plastiki wa lita 20, uliofungwa kifuniko sawasawa, wenye kamba ya mita 15 au 20, ukitundikwa mahali panapojulikana na kila mtu. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya kuku, nao waweza kumwelesha mtu mzima.

Aliyetolewa kama hapumui, usimwinue miguu juu wala kumkanyaga tumbo ili maji yatoke. Huko ni kupoteza dakika. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, na umpulizie pumzi kinywani mpaka kifua kiinuke. Kisha, asipopumua, weka viganja katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu mara 30, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2, na kuendelea hivyo hivyo bila kukoma mpaka apumue au msaada ufike. Kwa mtoto mdogo nguvu ipunguzwe. Hata akizinduka apelekwe hospitali, kwa kuwa mapafu huweza kuzidiwa baadaye. Wafanyakazi wa msalaba mwekundu na wa afya hufundisha kazi hii, na vijana wawili au watatu wa kijiji wakifundishwa, kijiji kizima kimefaidi.

NENO KWA MAJIRANI

Mambo haya yote hayawezi kuwa ya mwenye shamba peke yake. Chifu anapofanya baraza kabla ya masika, jambo la mabwawa na liwe katika orodha. Watu wakaao chini ya bwawa wana haki ya kuuliza: Je, mfereji u wazi? Nani hulitazama tuta? Tukipigiwa filimbi usiku, tukimbilie upande gani? Mwenye bwawa mwenye busara hatakasirika akiulizwa. Atawachukua wazee wawili akawatembeza juu ya tuta, wajionee kwa macho yao.

Na majirani nao wana deni. Kijana asivunje ua ili apite njia ya mkato. Mchungaji asipitishe ng'ombe juu ya tuta. Wazazi wawafunze watoto kuogelea wakiwa na miaka sita au saba, mahali salama na penye mtazamaji, kwa maana mtoto wa nchi yenye mabwawa asiyejua kuogelea ni kama mtoto wa nchi ya barabara asiyejua kutazama huku na huku kabla ya kuvuka. Mgeni aliyekaribishwa kwenye mandari achukue takataka zake, na akiona ufa au maji ya udongo yakivuja, aseme siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo faida ya kuwakaribisha watu huonekana. Bwawa lililofichwa nyuma ya ua halina macho ila ya mwenyewe, naye pengine yuko mjini kwa juma zima. Bwawa ambalo watoto huvua, vijana huogelea kwa saa zilizowekwa, na wazee hubarizi jioni, lina macho mia. Macho hayo yakifundishwa kuona, mwenye shamba amepata walinzi asiowalipa mshahara, majirani wamepata mahali pa kupumzika, na wale walalao chini ya mteremko wataisikia mvua ya usiku ikinyesha juu ya mabati bila kuamka na kutega sikio.